Hatua ya Osea na Upana wa Reli

Kwenye kijiwe cha kahawa cha Siti, karibu na stesheni ya Tunduma, benchi lina nafasi ya watu wanne na ubishi wa watu arobaini. Alasiri hiyo Osea, fundi baiskeli anayejiita Injinia, alikaa roho juu. Mjukuu wake Angel alikuwa amelitangazia darasa zima kwamba babu yake alijenga reli, na mwalimu alisema angepita kumwona. Uongo ulikuwa wa Osea mwenyewe. Aliuanza Angel akiwa bado anabebwa mgongoni, na sasa mtoto anatembea nao kifua mbele. Akawaomba wenzake wamsaidie historia kidogo, asije akamwaibisha.

– Akiniuliza kwa nini reli yetu ni nyembamba kuliko ile mpya ya Dar, nimwambieje?

Seleman, dereva wa malori wanayemwita Tani Thelathini, hakungoja kahawa ipoe.

– Waliibana makusudi. Wangeipanua, sisi wa malori tungekula wapi?

– Wacha hizo, alisema Gibson, mkulima wa Mbozi. Wazee wetu walikataa mibuni kukatwa. Wapimaji wakapitisha reli katikati ya mistari miwili ya kahawa, wakaenda na kipimo hicho mpaka Zambia.

– Na Zambia kulikuwa na mibuni yenu? aliuliza Seleman.

– Walishazoea.

Osea akaona historia inamponyoka. Akaweka kikombe chini.

– Mhandisi wa Kichina aliniita mimi. Akasema, Osea, piga hatua moja. Nikapiga, akaweka kamba. Upana wa reli ni hatua yangu.

– Ilianza kujengwa mwaka wa sabini, alisema Siti. Wewe umezaliwa sitini na tisa.

– Nilitembea mapema.

Kicheko hakijaisha, Mwalimu Tulinagwe akafika, akawaamkia wote.

– Babu Angel, keshokutwa tunawapandisha watoto treni mpaka Vwawa. Nina swali dogo tu. Wakae dirisha la upande gani, waone vizuri?

Osea akamtazama Seleman. Seleman akatazama barabarani. Gibson akawa anakunywa kikombe kitupu, na Siti, aliyezaliwa jirani na reli, akaanza kusuuza vikombe visafi.

Osea angeweza kusema kushoto, mambo yakaisha. Lakini alimfikiria Angel amekaa upande aliousema babu, akitazama ukingo wa udongo safari nzima, na roho ikamuuma.

– Mwalimu, treni hiyo sijawahi kuipanda. Wala kuijenga.

Mwalimu akamwambia yeye pia aje keshokutwa, akae na Angel.

– Nitamwambia nini huyo mtoto?

– Hayo hayo uliyoniambia mimi. Mtakuwa na muda.

Akaaga. Hajafika mbali, Seleman akainuka, akamfuata, akamuuliza kwa sauti ya chini kama nafasi kwenye treni bado zipo.