Mapipa Yaliyowashinda Nyani

Risala ya wakazi wa mtaa wa juu na wakulima wa bondeni kwa Mkuu wa Idara ya Wanyamapori

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Idara. Viongozi mlioambatana naye. Majirani zetu wote: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Karibu

Mgeni rasmi, tulikuandikia barua kumi na moja. Ya kumi na mbili hatukuituma, maana tulisikia unakuja mwenyewe, na furaha yetu haisemeki. Kiti ulichokalia kimetoka sebuleni mwa mkazi wa mtaa wa juu. Turubai linalokukinga jua ni la wakulima wa bondeni. Mwaka juzi watu hawa walikuwa hawaamkiani.

Tulikotoka

Mtaa wetu uko ukingoni mwa mji. Huku nyumba, kule mashamba ya mahindi na viazi, na nyuma yake mlima wenye nyani. Zamani walikaa hukohuko mlimani. Tulipoongezeka sisi, taka nazo zikaongezeka, wakashuka. Asubuhi walipindua mapipa, mchana walirudi kwa njia ya mashambani wakivunja mahindi. Waliingia jikoni kwa madirisha. Dume mmoja mkubwa, tuliyembandika jina la Mkaguzi kwa sababu hakuacha chungu bila kukifunua, aliwahi kukaa kitini akamaliza mkate wa watu huku mwenye nyumba amejifungia chooni.

Wakulima walisema watu wa mtaani ndio wanaowalisha. Watu wa mtaani walisema mahindi ndiyo yanayowaita. Kila mkutano uliishia kwa kurushiana maneno. Jambo moja tu lilitupatanisha: tulitia saini nyumba kwa nyumba, tukaiomba idara yako ije iwapige risasi wote.

Jibu lilipochelewa, Baba Mapacha, mwenyekiti wa wakulima, alitia sumu kwenye ndizi akazipanga ukingoni mwa shamba lake. Tunalisema hili kwa ruhusa yake. Amesema, "Andikeni. Nilifanya." Nyani wawili walikufa. Asubuhi iliyofuata, bibi mmoja wa miaka themanini na miwili, aliyekuwa ananyoosha miguu, aliokota ndizi moja akaimenya. Binti yake, aliyekuwa hatua chache nyuma, akaona mizoga. Akaruka akaipiga ile ndizi kofi.

"Tema, mama! Tema!"

"Niteme nini, sijaitia hata mdomoni! Una wazimu?"

Fundi

Binti huyo ni fundi wa kufuli. Ametukataza tusimtaje jina. Tumemtii, tutamwita Fundi tu, naye aache kujificha nyuma ya mwenzake pale mstari wa tatu.

Fundi alikwenda kwa Baba Mapacha na ile ndizi ndani ya mfuko. Sote tulitegemea matusi. Alimwuliza tu, "Ungekuja kumzika?"

Baba Mapacha akakaa chini palepale, juu ya tuta la viazi. Kabla jua halijazama alikuwa ameziokota ndizi zote na kuzifukia.

Kwa siku tatu Fundi hakufungua kibanda chake. Alikaa barazani akiwatazama nyani wanavyofungua mapipa. Siku ya nne akatuambia, "Hawa hawafuati mahindi. Wanafuata mabaki yetu, mahindi wanayapitia tu njiani. Tukiwafungia pipa, shambani watafuata nini?"

Pipa lake la kwanza lilikuwa na komeo la kawaida. Mkaguzi alilifungua mbele ya macho yetu, mwenyekiti wa mtaa akiwa bado analisifu. La pili lilikuwa na makomeo mawili na springi ngumu. Nyani wakashindwa, tukashangilia. Kumbe na bibi ameshindwa, na majirani wengi tu, wakawa wanaacha mifuko ya taka kando ya pipa. Nyani hawajapata kula vizuri kama wiki ile. Watu wakamcheka Fundi, wakamwambia arudi kwenye vitasa vyake. Mama yake anasema sahani zilikuwa zinarudi jikoni zimejaa.

Jibu lilitoka kwenye chupa ya dawa ya huyo mama. Kifuniko chake hakizunguki mpaka ukibonyeze kwanza. Fundi akabaki ameishika.

"Mama, nyani anavuta. Kila anachotaka kukifungua anakivuta. Sijaona hata mmoja anayebonyeza."

"Basi nipe dawa yangu," bibi akasema.

Akaunda komeo lisiloachia mpaka kifuniko kibonyezwe kwa kiwiko. Bibi ndiye aliyekuwa mjaribu mkuu. Alilifungua mara tano mfululizo, ya mwisho akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Mkaguzi alifika saa mbili asubuhi. Akavuta. Akatikisa. Kisha akapanda akakaa juu ya kifuniko, na hapo Fundi alifumba macho, maana uzito ule ulikuwa unabonyeza barabara! Lakini mikono ya Mkaguzi ilikuwa inahangaika na bawaba, upande wa pili kabisa. Akashuka, akalizunguka pipa mara mbili, akaenda zake. Mgeni rasmi, kelele tulizopiga zilisikika hadi bondeni.

Leo tuna mapipa sitini na manne ya namna hiyo. Fundi anachomelea, Baba Mapacha anamshikia vyuma. Ni miezi kumi na minne sasa hakuna aliyeumwa wala dirisha lililovunjwa, na msimu huu mahindi yameingia ghalani kwa magunia, si kwa vikapu. Nyani wamerudi kula matunda ya mlimani kwao.

Changamoto

Pipa lililojaa halifungiki. Mwezi uliopita gari la taka halikuonekana siku tisa. Tulizisomba taka wenyewe kwa mikokoteni. Hata bibi alibeba mfuko mmoja na malalamiko mengi.

Maombi

Tunaomba utusemee kwa halmashauri, gari la taka lije kwa siku zake. Tunaomba Fundi aalikwe mitaa mingine yenye shida kama yetu, na popote komeo lile litakapofungwa, isemwe limetoka mikononi mwake.

Ombi la mwisho ni zito. Juzi tulipata jibu la barua yetu ya kwanza. Idara imetukubalia. Wapigaji risasi watafika Jumatatu.

Hatukulaumu, mgeni rasmi. Tuliomba wenyewe, na saini ni zetu. Barua ya kulifuta ombi lile iko mezani mbele yako, na kila nyumba imetia saini. Ya kwanza kabisa ni ya Baba Mapacha. Pameachwa nafasi ya saini moja, na kalamu iko hapo.

Leo asubuhi, tulipokuwa tunapanga viti, walipita ukingoni mwa mlima. Tuliwahesabu: kumi na tisa, wawili kati yao wachanga, wamebebwa migongoni. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama mapipa yetu.

Mwenyezi Mungu akupe afya na mkono mwepesi, akufikishe nyumbani salama, na azidi kutuweka sisi na majirani zetu wote, wa bondeni na wa mlimani.

Ni sisi,
Umoja wa Wakazi wa Mtaa wa Juu na Wakulima wa Bondeni