Msomaji wa Beji: Maisha ya Mzee Cyprian Fransis Luambano (1958–2025)

Mzee Cyprian Fransis Luambano, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Agosti 1958 katika kijiji cha Maposeni, Songea, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanane wa marehemu Mzee Fransis Luambano na marehemu Mama Anastasia. Mama yake alikuwa akisema kwamba huyu alizaliwa kimya, mkunga akadhani mambo yameharibika, kumbe mtoto ametulia tu anaangalia taa. Waliomfahamu hawatashangaa. Marehemu alikuwa mtu wa kuangalia kwanza, kusema baadaye. Na kuna jambo moja maishani mwake ambalo alilisema kabla hajaliangalia. Tutalifikia, kwa maana yeye mwenyewe hakutaka lifichwe.

Alianza darasa la kwanza Maposeni mwaka 1966. Akiwa darasa la sita alianguka kutoka kwenye paa la ghala la mahindi, akavunjika mkono wa kushoto. Kwenye hospitali ya misheni walimpiga picha ya eksirei, na bruda mmoja akaishika ile picha dirishani amwonyeshe mfupa wake. Mtoto akasahau kulia. Aliomba apewe, akaenda nayo nyumbani, akaitundika ukutani pale ambapo wenzake walitundika kalenda. Mzee Fransis alilalamika wiki nzima kwamba hawezi kula ugali huku mifupa ya mwanawe inamtazama. Marehemu aliendelea na masomo ya sekondari, akahitimu kidato cha nne mwaka 1977, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akaja Dar es Salaam kusomea ufundi wa maabara. Alihitimu mwaka 1982.

Tarehe 2 Septemba 1985 aliajiriwa na Wakala wa Taifa wa Nyuklia kwa Amani, ofisi ya kanda, hapa Dar es Salaam. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na mitatu bila kubadilisha meza. Wengi wa hapa Kimara walimwita Mzee Bomu, na watoto wa mtaani wakaamini kabisa kwamba kwenye ule mkoba wake mweusi kuna kitu cha kulipua. Hakuwahi kukasirika. Alikuwa akiwakalisha kibarazani, anawaonyesha jiko la mkaa: "Joto mnaliona? Hamlioni. Ukilikumbatia unaungua, ukikaa mbali nalo unapata chai. Na mionzi ndivyo ilivyo. Kazi yangu mie ni kuangalia nani amekaa karibu mno."

Kazi hiyo ilikuwa hivi. Kila anayepiga picha za eksirei hospitalini huvaa kifuani beji ndogo ya plastiki. Ndani yake mna punje inayohifadhi mionzi yote iliyoipata. Kila baada ya miezi mitatu beji zilikusanywa na kuletwa kwenye meza ya marehemu. Aliziingiza kwenye mashine, mashine ikapasha ile punje moto, punje ikatoa mwanga mdogo, na mwanga ule ukahesabiwa ukawa namba. Namba ikishatoka, punje inakuwa imefutika. Haisomwi mara ya pili. Kwa hiyo marehemu alisoma kwa utaratibu wa mtu anayepokea kitu cha kuvunjika, na namba ikizidi kawaida alikuwa na desturi yake: haandiki neno mpaka amekwenda mwenyewe kwenye chumba husika, akaone mtu anasimama wapi, mlango unafungwaje, beji inavaliwaje. Amekwenda hivyo Lindi, amekwenda Kigoma, amekwenda mpaka visiwani kwa sababu ya namba moja ya mtu asiyemjua.

Alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Kokushubila tarehe 26 Novemba 1988. Mwalimu alikuwa akifundisha shule ya msingi Manzese, na marehemu alimpata kwa kumfuata kwa miezi minne akijifanya anauliza matokeo ya mtoto wa jirani. "Siku moja nikamwuliza," anasimulia Mwalimu, "huyo mtoto wako yuko darasa la ngapi? Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikajua hapa hakuna mtoto, hapa kuna bwana harusi." Mungu aliwajalia watoto watatu: Flaviana, Allen na Hope.

Mwaka 1993 mdogo wake Mwalimu, Leodegar, alitoka Bukoba akaja kuishi nao Kimara, akiwa na miaka kumi na saba. Marehemu alimpenda kwa sababu alikuwa mwulizaji. Ndiye aliyemshawishi asomee upigaji picha za eksirei, na Leodegar alipopata kazi kwenye kituo cha afya cha mtu binafsi kule Manzese, mwaka 2001, ni marehemu aliyembandika beji ya kwanza kifuani, sebuleni, dada mtu akipiga vigelegele. Alimwambia, "Shemeji, hii isikae mbali na wewe." Miaka kumi na tatu ikapita, namba za Leodegar zikija ndogo, safi, mpaka marehemu akawa anazitania kwamba zinachosha.

Julai 2014 beji ya Leodegar ilitoa namba iliyozidi hata kiwango anachoruhusiwa mfanyakazi kwa mwaka mzima.

Hapo ndipo marehemu alipokosea, na tunalisema kama alivyokuwa akilisema mwenyewe. Ingekuwa namba ya mtu baki, angepanda gari kesho yake asubuhi aende Manzese. Lakini ilikuwa ya shemeji yake, na pale ofisini wote walijua. Aliogopa isije ikasemwa kwamba Luambano amekwenda kumsafishia ndugu wa mkewe. Ili asionekane anapendelea, hakwenda. Aliandika palepale mezani kwamba mhusika aondolewe kwenye kazi ya mionzi mara moja, uchunguzi ufuate. Mwenye kituo hakusubiri uchunguzi. Alimwachisha Leodegar kazi siku ya Ijumaa mbele ya wagonjwa, akisoma namba ile kwa sauti kana kwamba anasoma ugonjwa. Uchunguzi nao ulikosa wa kuchunguzwa, ukaishia kwenye faili.

Jumapili Leodegar alikuja Kimara. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shemeji, isome tena ile beji."

"Haisomeki tena. Unajua."

"Basi nisikilize. Lile koti langu—"

"Usinieleze hapa nyumbani," marehemu akamkatiza. "Nitaonekana nimepokea maneno ya sebuleni. Andika, ulete ofisini kama watu wengine."

"Kama watu wengine," Leodegar akasema. Akamgeukia dada yake. "Dada, mie nakwenda." Hakuandika, na kwenye nyumba ile hakukanyaga tena kwa zaidi ya miaka kumi. Krismasi ya mwaka ule Mwalimu alipika ndizi za kutosha watu sita kama kawaida, wakala watano.

Novemba 2016 marehemu alikwenda kituo kile kukagua mashine. Akiwa chumba cha picha aliona msumari ukutani, pembeni kabisa ya pale wagonjwa wanaposimama kupigwa picha ya kifua, upande ule mionzi inapoelekea. Alimwuliza mama wa usafi, Bi Hamisa, msumari ule ni wa nini.

"Huo? Wa koti la Leo," Bi Hamisa akasema. "Mwaka ule feni ilikufa, baba, humu mlikuwa tanuri. Nani atavaa koti? Alilitundika hapo, akawa anafanya kazi na shati. Mie nililipangusa vumbi miezi mitatu hiyo nalo lipo hapohapo, na kile kidude chenu kimebandikwa kifuani. Nikamwambia, we Leo, koti lako limeshapigwa picha nyingi kuliko wagonjwa."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza, baba? Hamkuja."

Marehemu alitoka nje akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Leodegar alikuwa amekosea kuacha beji kwenye koti, ndiyo, na kosa hilo ni la kuonywa. Lakini mwili wake haukuwa umepata kitu. Namba ile ilikuwa ya koti. Angekwenda Julai ile, angeuona msumari na koti likiwa bado linaning'inia.

Alichukua maelezo ya Bi Hamisa, akapima umbali kwa futi yake, akaandika ripoti dhidi ya maandishi yake mwenyewe. Ofisi ilikubali, na tarehe 9 Machi 2017 barua ya marekebisho ilitoka. Anwani pekee iliyokuwa kwenye faili ni ya kituo alichoachishwa kazi Leodegar, hivyo marehemu akaomba aipeleke kwa mkono. Mwalimu alitaka kumpigia mdogo wake simu palepale. Marehemu akamsihi, "Mama Flavi, niachie. Niliyemfungia mlango ni mie, niende mie." Mwalimu akakubali. Leo anasema laiti asingekubali.

Leodegar wakati huo alikuwa akikata tiketi za mabasi ya mikoani, kwanza Ubungo, baadaye Mbezi Luis. Desemba 2017 marehemu alivaa koti lake la suti la kijivu, akaweka bahasha mfuko wa ndani, akaenda. Alipofika dirishani watu walikuwa wengi nyuma yake. Leodegar akainua macho, akasema kwa adabu ileile anayompa kila abiria, "Karibu, shemeji. Unasafiri wapi?"

Marehemu akaitazama foleni nyuma yake. "Songea," akasema.

Akakatiwa tiketi ya Songea. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo hata kwa tiketi, alisafiri. Alikaa Maposeni siku nne, akarudi na gunia la maharage. Mwalimu alimpokea mlangoni: "Baba Flavi, mtu umetoka hapa kwenda kuomba radhi, umerudi na maharage?" Walicheka siku ile mpaka wakakaa chini. Lakini mwaka 2021, stendi mpya ya Mbezi ilipofunguliwa, alikwenda tena na koti lilelile na bahasha ileile, na akafika tena Songea. Safari hiyo ya pili hawakucheka sana.

Alistaafu Agosti 2018. Alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Yuda Tadei kwa vipindi viwili, na alitengeneza redio za majirani bila kuombwa mara mbili.

Jumapili tarehe 19 Januari 2025, baada ya misa ya kwanza, marehemu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na sauti ikaondoka. Alilazwa wiki tano, kisha akauguzwa nyumbani. Februari, Leodegar alisikia, akaja. Safari hii aliingia. Tangu siku hiyo hakukosa Jumapili. Mwalimu, akiishika ahadi yake, alingoja sauti ya mumewe irudi aseme mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akimnywesha uji na kumnyoa ndevu. Kila alipoingia, marehemu alijitahidi kusema, akainua mkono wa kushoto kuelekea nyuma ya mlango, anatoa sauti isiyokuwa neno. Sisi wote tulidhani anataka mlango ufungwe. Tukaufunga. Akatokwa na machozi. Leodegar akawa anamfuta na kumwambia, "Tulia, shemeji. Yameisha." Marehemu akatikisa kichwa kukataa.

Mzee Cyprian alituaga Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Jumamosi Mwalimu alikwenda kuchukua suti ya kumzikia. Koti la kijivu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mgonjwa. Bahasha ilikuwa mfuko wa ndani, pembe zimechakaa. Familia imekaa, imeona namba ile ilisomwa mbele ya watu, basi na barua isomwe mbele ya watu.

"Ndugu Leodegar. Yah: Kufutwa kwa kipimo cha robo ya pili ya mwaka 2014. Uchunguzi umethibitisha kwamba kipimo tajwa kilipokelewa na beji iliyokuwa kwenye koti lililotundikwa ndani ya chumba cha picha, na hakikuupata mwili wako. Kipimo hicho kimefutwa katika kumbukumbu zako. Huna kizuizi chochote cha kufanya kazi ya mionzi."

Chini yake, kwa kalamu ya marehemu, mwandiko wa kabla ya kiharusi:

"Shemeji, kwa wengine wote nilikwenda kuona. Kwako tu sikwenda. Nisamehe."

Leodegar, uko hapo pamoja na dada yako. Bahasha anayo Flaviana, atakukabidhi sasa hivi kabla jeneza halijashuka, ili shemeji yako awepo.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Kokushubila, watoto watatu, Flaviana, Allen na Hope, wajukuu watano, ndugu zake wanne walio hai, na Leodegar, ambaye marehemu, kwenye fomu zake zote za ofisi mpaka ile ya mwisho ya kustaafu, alimwandika sehemu ya watoto na hakuwahi kumfuta.

Mungu aliyetuazima amemchukua. Mzee Cyprian, barua imefika. Pumzika kwa amani.