Goti la Radojka

Ndani ya basi la kwenda mjini Kragujevac, Milunka hakuwa akidukiza. Wale wazee wawili wa kiti cha mbele ndio waliokuwa wakipayuka.

"Plasta yao hiyo ya hospitali!" alifoka bibi, mguu wake uliofanyiwa upasuaji kaunyoosha kwenye njia ya katikati ya viti. "Goti zima vipele, linawasha kama nimepakwa upupu. Leo daktari atanitambua!"

Mumewe akakohoa. "Radojka wangu, daktari mwache. Vile vitambaa vya baridi nilivyokuwa nakuwekea gotini, havikuwa vya maji."

"Vya nini, Vitomir?"

"Vya rakija. Mama alitutibu hivyo sote."

Milunka alikwishajua; harufu ya ile pombe ya plamu ilimfikia puani tangu walipopanda.

"Rakija! Na mimi siku zote nadhani harufu ni yako! Ipi?"

"Ya pipa la marehemu baba."

"Ambayo hata kasisi hukumwonjesha?"

"Sasa nikupake ya dukani?"

Basi likasimama hospitalini, na bibi akamshika mzee mkono.

"Daktari nitamfokea vilevile. Wewe simama karibu yangu, adhani harufu ni yako."