Mama Muuza Mkaa, Daktari wa Moyo

Wazazi wenzangu, tuwe waangalifu na kalamu. Leo kwenye basi, kijana mtafiti wa malaria alikuwa akimlalamikia bibi aliyeketi naye: “Ufadhili ni wa watafiti wachanga kutoka familia zisizosoma. Mama yangu anauza mkaa, lakini kwenye fomu, sehemu ya mzazi, kajiandika daktari wa moyo.”

“Kwani ulitaka akuaibishe mbele ya wasomi?”

“Wamenikataa, bibi. Eti mtoto wa daktari hahitaji kubebwa. Jumatatu narudisha koti la maabara.”

“Shukuru, mjukuu wangu. Angalau mamako wamemwamini.”

Nilicheka peke yangu mpaka basi liliposimama posta. Hapo nikaishika bahasha yenye fomu ya binti yangu, ya ufadhili uleule, na sikushuka. Mimi wa darasa la saba nimejiandika hakimu.