Mama Bado wa Luchelele: Wasifu wa Marehemu Bernadeta Minza Masele (1951–2025)

Mama yetu mpendwa, Bernadeta Minza Masele, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Bado, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 hapa Luchelele, Mwanza. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Masele na Mama Paskazia. Alibatizwa mwaka huohuo, na imani hiyo aliishika hadi mwisho.

Alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1963. Hakuendelea kwa sababu baba yake aliugua na yeye akabaki nyumbani kumsaidia mama yake.

Tarehe 22 Julai 1972 alifunga ndoa takatifu na Shimba Ngosha, mvuvi. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza Venant. Baba aliitwa na Bwana mwaka 2009, na kaburi lake ndilo hilo lililo jirani na la leo.

Kuanzia mwaka 1974 Mama alinunua samaki kwenye mwalo wa huku, wavuvi wanaposhusha, na kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba. Jina lake lilitokana na kazi hiyo. Samaki mchanga akiwekwa kwenye mizani yake, alimtoa na kusema neno moja tu: "Bado." Siku moja mvuvi mmoja alimbishia.

"Mama Venant, huyu si mchanga, ni mfupi tu. Kama wewe."

"Mimi na ufupi wangu nimezaa watatu. Yeye amezaa wangapi?"

Mwalo mzima ulicheka. Tangu hapo wavuvi walipomwona anakuja walimwahi kwa sauti: "Bado!" Samaki aliowakataa waliuzwa meza ya pili, kwa mnunuzi mwingine, na yeye alijua. Alisema, "Wa meza ya pili ataulizwa ya kwake."

Ufukwe wa eneo hili wakati huo ulikuwa na matete kutoka mpaka hadi mpaka. Mama hakuruhusu yakatwe, hata ya kuezekea banda la kuku, kwa kuwa sato huzalia humo. Alituambia tukiwa wadogo, "Hiyo ni wodi ya wazazi. Hamna shughuli humo."

Mwaka 2018 kaka yetu mkubwa, Venant, alikata matete ya upande wa kusini ili apate mahali pa kuegesha mitumbwi yake. Mama alimwomba aache. Alipoendelea, Mama alikwenda mwenyewe kumshtaki kwenye kamati ya mwalo, ambayo alikuwa mjumbe wake. Wazee walishauri jambo limalizwe kifamilia. Mama aliwajibu, "Mwaka jana jirani yetu Mashimba alikata, tukamtoza faini. Mashimba hana mama?" Venant alitozwa faini. Alihamia Nyegezi na kwa miaka miwili hakukanyaga nyumbani. Kila Jumapili Mama alimwombea kwa jina katika jumuiya, lakini shauri lake hakulifuta. Haya yanasomwa kwa ruhusa ya Venant mwenyewe.

Mwaka 2020 ziwa lilijaa. Upande wenye matete ulisimama. Upande uliokatwa ulimegwa na mawimbi hadi karibu kabisa na kaburi la Baba. Tulimpigia Venant simu tukamweleza. Asubuhi ya pili yake aliingia na mzigo wa mizizi ya matete kichwani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Mama alicheka hadi akakaa chini, nasi tukajua yamekwisha. Siku hiyohiyo waliingia majini pamoja kupanda. Mawimbi yaling'oa, wakapanda tena. Mwaka hadi mwaka ilikuwa hivyo.

Mwaka 2023 Mama aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa hapa Mwanza, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Mwezi uliopita katekista alikuja kumwona, akamuuliza kama amejiandaa. Alijibu, "Mimi tayari. Matete bado." Alipokea Mpako wa Wagonjwa, na siku ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, alifariki dunia nyumbani kwake, Venant akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha watoto watatu, Venant, Modesta na Rose, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Ameacha pia matete.

Kwa hiyo familia ina ombi moja. Baada ya mazishi, watakaoshuka ziwani kunawa mikono wapite njia ya mawe, upande wa kaskazini. Tunajua ya kusini ni fupi zaidi, lakini matete aliyopanda na mwanawe yanafika magotini tu. Atakayesahau atawakuta wajukuu wamesimama pale, nao hawana maelezo marefu. Wamefundishwa neno moja.

Mama Bado apumzike kwa amani ya Bwana.