Aliyechimba Kisima cha Hasker

Benchi letu liko nje ya duka langu, upande unaopata kivuli asubuhi, linatazamana na mahakama ya kaunti. Mahakama yenyewe ni ya mawe, ghorofa mbili, ilijengwa enzi za machimbo ya fedha, mji wetu huu wa jangwani, Hasker, ukiwa na watu elfu sita. Leo tuko themanini na wawili, tukiwaacha punda mwitu wanaokatiza barabara kuu kama wana kesi ya kusikilizwa. Wa benchini ni walewale. Yuko Tingatinga, Orville Tackett, aliyesawazisha barabara za vumbi za kaunti hii kwa miaka thelathini na moja. Yuko Jaji, yaani Emil Arrambide, mfuga kondoo mwenye asili ya Kibaski, ambaye aliwahi kuitwa mahakamani siku moja tu kuwa mzee wa baraza, na tangu hapo hatujapumzika na hukumu zake. Na yuko Redio, mama Lorna Hooper, wa kabila la Washoshoni, ambaye watu wake walikuwa hapa kabla jiwe hata moja la mahakama halijachongwa. Mimi Nadine ndiye mmimina kahawa. Asubuhi hiyo ya Septemba ubishi ulikuwa wa kisima cha nyuma ya mahakama, kinachotunywesha wote, kilichochimbwa na Mchina mmoja mwaka 1909, baada ya wenye mgodi kutoboa mashimo saba makavu.

— Alifuata sisimizi, alisema Tingatinga. Sisimizi wekundu hawajengi mbali na maji.

— Thubutu! Redio akamkata. Sisimizi wa hapa wamejenga mpaka kwenye kiti cha gari lako. Kuna maji humo?

— Acheni mambo ya wadudu, alisema Jaji. Yule bwana alilaza sikio chini siku tatu mfululizo, hakula, hakunywa. Siku ya tatu akausikia mto.

— Mto gani tena? aliuliza Redio.

— Mto wa chini kwa chini. Una samaki wasio na macho.

— Emil, unatupiga kamba saa mbili asubuhi?

— Si mto, Tingatinga akadakia. Ni bahari. Hili jangwa lote limekaa juu ya bahari kama mfuniko wa sufuria. Mimi nimeendesha mtambo juu yake, nilikuwa nasikia linacheza.

Redio aliweka kikombe chake cha bati chini.

— Nyie mnajisumbua bure. Bibi ya mama yangu ndiye aliyemwonyesha. Alimkuta anapiga mwamba kama mwehu, akamshika mkono, akampeleka hatua mia mbili. Akamwambia, chimba hapa.

— Una ushahidi? aliuliza Jaji.

— Unaunywa kila siku.

Hata Jaji alicheka. Halafu wote watatu wakaanza kumsifu yule mtu, maana ubishi wetu wa kisima huishia hapo kila mara. Alichimba peke yake, kwa sururu na ndoo. Kuta alizijenga kwa mawe bila saruji, na hakuna jiwe lililochomoka hadi leo. Mgodi ulikufa, reli ikang'olewa, miji mitatu ya jirani ikabaki mabomba ya moshi tu, sisi tupo.

Ndipo gari la kukodi likasimama, jeupe kwa vumbi la chumvi. Akashuka mama wa miaka kama sabini, kofia pana, viatu vipya vya kutembelea juu ya mawe. Alitusalimia, akajitambulisha kuwa Winifred Quan, ametoka Sacramento, amelala njiani siku moja.

— Karibu mama, kaa, nilimwambia. Kahawa ipo.

— Nimesikia mkizungumza habari za kisima, alisema. Nimekuja kwa ajili ya huyo aliyekichimba. Ni babu yangu.

Tingatinga alisimama, akavua kofia. Sijawahi kumwona akiivua hata kanisani.

— Mama, babu yako ni mtu mkubwa hapa, alisema Jaji. Mkubwa kabisa. Bila yeye tusingekuwepo.

Yule mama akatabasamu, akatutazama mmoja mmoja.

— Alikuwa anaitwa nani?

Jaji akamtazama Redio. Redio akanitazama mimi. Mimi nikatazama birika.

— Tunasema... Mchina, nilijibu.

Hakukasirika. Alitueleza taratibu. Enzi zile sheria iliwafungia Wachina mlango, kwa hiyo babu yake aliingia nchini kwa karatasi alizonunua, za mtoto wa mtu mwingine. Quan lilikuwa jina la karatasi. Babu huyo alikufa wakati baba yake Winifred ana miaka minne, na mjane wake aliogopa maafisa wa uhamiaji mpaka siku yake ya mwisho, akaondoka nalo jina la kweli.

— Baba sasa ana miaka tisini na sita, alisema. Ameshachagua jiwe la kaburi. Amekataa lichongwe. Anasema hatalala chini ya jina la mtu asiyemjua.

Tulikwenda naye mahakamani. Karani akatutolea vitabu vya 1909, vizito kama matofali. Tukapata siku, tukapata futi, tukapata hata nyumbu waliobeba mawe, na majina yao yameandikwa: Duchess na Old Pete. Kwa mchimbaji pameandikwa "Mchina". Redio alikifunga kile kitabu kwa kishindo.

Tingatinga alikuwa anaviringisha kofia mikononi.

— Mwaka sabini na tisa nilishuka kisimani kufunga pampu, alisema mwishowe. Karibu na maji kuna jiwe lina mikwaruzo. Nilidhani ni vipimo.

— Na miaka yote hii hukusema? Redio alimfokea.

— Nani aliniuliza?

Nyuma ya mahakama walisukuma mfuniko wa chuma wa kisima, yeye na Jaji, wakihema kama punda. Tukafunga simu ya Winifred na tochi kwenye kamba ya marobota ya nyasi, tukaiwasha irekodi, tukaiteremsha. Mara mbili ilizunguka ikarekodi giza. Mara ya tatu Tingatinga alilala kifudifudi ukingoni, mkono wote ndani, akaishikilia kamba isicheze.

Tuliiangalia picha pale pale, vichwa vimegongana. Kwenye jiwe kulikuwa na safu ya maandishi, yamechongwa vizuri, bila haraka. Winifred alisoma akifuata kwa kidole, maana Kichina alikisomea shule ya Jumamosi tu, utotoni.

— Futi mia na nane, alisema. Maji matamu. Halafu hapa... Mak. Ni jina la ukoo. Mak.

Akarudia tena, safari hii bila sauti. Redio alimshika mkono, hawakuachana mpaka dukani.

Simu za mkononi hazishiki Hasker. Nilimpa ya dukani, yenye waya. Tulisogea mlangoni ili tusisikilize, tukasikiliza.

— Baba, ni Winnie. Babu alichonga kisimani, maji matamu, na jina lake. Baba, sisi ni Mak.

Upande wa pili ikaja sauti nyembamba. Ikasema kwa muda, ikanyamaza. Winifred akafunika simu kwa kiganja na kutugeukia, machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali.

— Anauliza, ni kweli maji ni matamu?

Tulitazamana.

— Mama, alisema Tingatinga, sisi hatujui. Tumezaliwa tunayanywa haya.

Nikamjazia glasi kutoka bombani, nikamwekea mezani. Alikunywa polepole, akatua kidogo katikati, akamaliza yote. Kisha akaondoa kiganja, akamwambia baba yake neno moja kwa Kichina.

Hakuna aliyemuuliza maana yake.