Kwa Miguu hadi Chokocho

Bi Mwanapili alipanda gari la abiria Wete asubuhi, anakwenda kumtazama mwanawe Mtambile. Mbele yake walikaa mume na mke asiowajua, wakiitana Nyange na Tatu.

"Ramadhani ikiisha, Mfungo Mosi ukiandama, tunatimiza miaka thelathini," alisema Nyange. "Twende kwenu Chokocho, kisha tuvuke Kisiwa Panza tukatembee. Tutashuka Mtambile, tufuate njia kwa miguu."

"Kodi gari," alisema Tatu.

"Gari la nini, na miguu tunayo?"

"Uliponichukua kwetu nilitoka kwa miguu, nimejitwika sanduku, na weye u mbele, hugeuki hata mara moja. Safari hii ndugu zangu wanione nashuka garini."

Bi Mwanapili alimwona Tatu ana haki.

"Sikugeuka kwa sababu nilikuwa nalia," alisema Nyange. "Nimemtoa mtoto wa watu kwao, na nyumba yangu haijaezekwa."

Tatu alimtazama. "Ungaliniambia siku ile, sanduku lisingalikuwa zito vile."

Utingo akapiga bati. Mtambile. Bi Mwanapili alishuka shingo upande, na nyuma yake akamsikia Tatu: "Lakini gari utakodi."